Kabla Mtoto Hajaenda Chuo, Tumfundishe Kushika Pesa



Mtoto wa kijiji akipata barua ya kuitwa chuo kikuu, chuo cha ualimu au chuo cha ufundi, kazi huanza mara moja. Kamati inaketi. Kadi za harambee zinaandikwa. Kanisani linatangazwa, akina mama wanatoa sehemu ya mfuko wa kikundi chao, na baba mtu anauza ng'ombe. Siku ya safari tunaomba pamoja, tunampa mtoto mkono, naye anapanda gari akiwa na sanduku, blanketi na godoro.

Hayo yote ni mazuri. Lakini liko jambo moja ambalo mara nyingi tunalisahau. Hatujamfundisha mtoto huyo jinsi ya kushika pesa.

Hebu tufikiri. Mtoto huyu amekaa shule ya bweni miaka minne. Karo ililipwa na mzazi, chakula kilipikwa na shule, na pesa alizoshika mkononi ni zile za mfukoni tu za kununua sabuni na mkate. Sasa siku moja anapokea pesa za kumtosha miezi minne, na hakuna wa kumuuliza anazipeleka wapi. Huenda ana akili ya hesabu kubwa kuliko sisi sote, lakini hesabu hii ya matumizi hajawahi kuifanya hata mara moja. Ndiyo maana tunasikia kila mwaka habari za wanafunzi wanaolala njaa katikati ya muhula, wanaokosa mitihani kwa sababu ya karo, na wengine wanaorudi nyumbani kimya kimya.

Katika makala hii tunataka kueleza mambo manne: pesa za chuo zinatoka wapi, zinavyoweza kupangwa zitoshe, hatari za mikopo ya simu, na deni linalomngoja mtoto akimaliza masomo. Mwisho tutaeleza kikundi kinaweza kufanya nini. Tunawaandikia ninyi wa vikundi kwa sababu moja: ujuzi huu mnao tayari. Kikundi chenye daftari la pesa, chenye mweka hazina, chenye kanuni za kukopesha na faini kwa anayechelewa kulipa, kinajua mambo ya pesa kuliko wanafunzi wengi wa chuo kikuu.

PESA HIZI NI ZA NAMNA GANI?

Zikiwa mkononi, pesa zote hufanana. Lakini asili yake si moja, na mtoto asipojua tofauti atazitumia zote kwa mtindo mmoja. Kabla ya kuondoka, mzazi na mtoto waketi waandike kila pesa itakayoingia, na kando yake waandike ni ya namna gani.

Basari ni msaada usiorudishwa, kama zile ambazo zimekuwa zikitolewa kupitia CDF tangu mfuko huo ulipoanzishwa mwaka 2003, au basari za kaunti na za kanisa. Mara nyingi hundi ya basari huandikwa kwa jina la chuo ili kulipa karo. Kwa hiyo si pesa ya chakula. Tena yaweza kuja mwaka huu, na mwaka ujao isije. Mtu asiihesabu kabla haijafika.

Skolashipu ya serikali nayo hairudishwi. Wanafunzi walioanza vyuo vikuu vya umma tangu mwaka 2023 waliingia katika mpango mpya ambapo hali ya familia hupimwa, kisha gharama hugawanywa: sehemu skolashipu, sehemu mkopo, na sehemu ya kulipwa na nyumbani. Mpango huo umeleta ubishi mwingi, hata ukafikishwa mahakamani. Kwa sababu hiyo kila familia isome barua ya mtoto wake yenyewe. Usitegemee hesabu ya jirani, maana watoto wawili wa kijiji kimoja, wanaosoma somo moja, waweza kupangiwa viwango tofauti.

Mkopo ni deni. Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na vyuo vya ufundi, mkopeshaji mkubwa hapa Kenya ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo watu wengi huiita HELB. Sehemu ya mkopo huenda chuoni kulipa karo, na sehemu humfikia mwanafunzi mwenyewe kwa matumizi yake.

Mchango wa nyumbani na harambee haudaiwi na ofisi yoyote. Lakini una wenyewe. Ni ng'ombe aliyeuzwa, ni magunia ya mahindi, ni shilingi 50 za mjane aliyekaa kiti cha nyuma kanisani. Mtoto aonyeshwe orodha ya waliochanga, aisome. Si kumtisha, bali ajue pesa hizo zimetoka mikono ya nani.

MKOPO SI ZAWADI

Kosa la kuuona mkopo wa serikali kama zawadi halikuanza leo. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa kuwakopesha Wakenya waliosoma katika vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Pesa zilitolewa, lakini hapakuwa na sheria yenye nguvu ya kuzidai zirudi. Wanafunzi na wananchi wengi wakadhani ni msaada wa serikali tu. Wengi walimaliza masomo, wakapata kazi nzuri, na hawakurudisha kitu.

Mfuko ambao watu wanachota bila kurudisha tunajua mwisho wake. Ni kama mzunguko wa kikundi ambapo wa kwanza wamepokea zamu yao kisha wakaacha kuja mkutanoni. Wa mwisho ndio wanaoumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hali ilikuwa ngumu, na wanafunzi wakaanza kutakiwa kuchangia gharama na hata kulipia chakula chao wenyewe katika majumba ya kulia. Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria iliyounda Bodi ya Mikopo, na kuipa uwezo wa kudai madeni, hata yale ya zamani.

Kuna mambo juu ya mkopo huu ambayo kila mzazi angefaa kuyajua:

1. Mkopo wa shahada ya kwanza umekuwa ukitozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Hii ni riba ndogo sana ukilinganisha na mikopo mingine.

2. Malipo yanatakiwa kuanza ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo.

3. Mwajiri ana wajibu wa kukata mshahara wa aliyekopa na kupeleka pesa kwa Bodi.

4. Asiyelipa aweza kutozwa adhabu ya Sh. 5,000 kwa mwezi.

5. Jina la asiyelipa laweza kupelekwa kwenye mashirika ya kumbukumbu za mikopo, yale tunayoita CRB. Likifika huko, benki na hata Sacco zinaweza kumkatalia mkopo.

Jambo lingine ni la wadhamini. Mwanafunzi anapoomba mkopo hutakiwa kutaja wadhamini. Wazee wetu wengi hutia sahihi wakidhani wao ni mashahidi tu, kama kwenye cheti cha ndoa. Mdhamini si shahidi. Mdhamini amesema, "Huyu asipolipa, niulizeni mimi." Hatusemi msiwadhamini watoto. Wadhaminini. Lakini msome karatasi kwanza, na mtoto aelezwe mbele yenu jambo ambalo sahihi hiyo inabeba.

HESABU YA MUHULA MMOJA

Sasa tuje kwenye matumizi. Tuchukue mfano wa msichana aliye mwaka wa kwanza. Karo yake imekwisha kulipwa. Muhula una wiki 16. Anapokea Sh. 20,000 za matumizi kutoka kwenye mkopo, na nyumbani wamempa Sh. 6,000. Jumla ni Sh. 26,000. Kwa macho ya mtoto aliyezoea kushika mia mbili, huu ni utajiri.

Tumwambie aanze na yale yasiyoweza kungoja:

Chumba, akishirikiana na mwenzake, Sh. 1,500 kwa mwezi kwa miezi 4: Sh. 6,000
Nauli ya kwenda na kurudi nyumbani: Sh. 2,000
Vitabu, fotokopi na kuchapisha kazi za darasani: Sh. 1,600
Akiba ya ugonjwa na dharura: Sh. 2,000
Jumla: Sh. 11,600

Toa 11,600 kwenye 26,000. Zinabaki Sh. 14,400. Gawanya kwa wiki 16. Anapata Sh. 900 kwa wiki, yaani kama Sh. 128 kwa siku. Ndani ya hizo ale, anunue sabuni, mafuta ya kupikia, na bando za simu.

Unaona? Zile elfu ishirini na sita zimekuwa mia moja na ishirini na nane kwa siku. Utajiri umeisha kwenye karatasi kabla haujaisha dukani, na hiyo ndiyo faida ya kuandika. Akijua ana Sh. 900 kwa wiki, atajua kwamba hawezi kula chipsi kila jioni. Atanunua unga, maharagwe na sukuma wiki, apike na mwenzake. Akijua mapema kwamba hazitoshi, atatafuta njia mapema: kazi ndogo za chuo, kufundisha watoto wakati wa likizo, au kuzungumza na nyumbani.

Sasa tazama upande wa pili. Msichana huyo huyo, wiki ya kwanza, anaona wenzake wana simu nzuri. Ananunua simu ya Sh. 9,000. Zile Sh. 14,400 za chakula zimebaki Sh. 5,400. Kwa Sh. 900 kila wiki, pesa zake zitakwisha wiki ya sita. Zimebaki wiki kumi na mfukoni hana kitu. Hapo ndipo vishawishi vinapoanza, na kwa wasichana vishawishi hivyo wakati mwingine vina sura ya mzee mwenye gari.

Bwana Yesu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 14, alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara ambaye yafaa aketi kwanza ahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi watu wakamcheka. Kuketi na kuhesabu si ubahili, wala si kukosa imani.

Shauri la kusaidia ni hili: pesa zote zisikae mahali pamoja. Za chumba zilipwe mara moja, ikiwezekana za miezi yote. Nauli ya kurudi na akiba ya dharura ziwekwe mahali ambapo kuzitoa kuna ugumu kidogo, kama akaunti ya kufungia akiba au Sacco. Mkononi ibaki pesa ya wiki moja tu. Jumapili jioni anachukua Sh. 900 nyingine. Zikiisha Alhamisi, basi anangoja Jumapili.

SIMU INAYOKOPESHA

Zamani mwanafunzi aliyeishiwa alikopa kwa rafiki au kwa mwenye kibanda. Siku hizi anakopa kwa simu, usiku, bila mtu kumwona. M-Pesa ilianza Machi 2007. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ambapo mtu anaweza kuweka akiba na kukopa kwa simu. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomwezesha mtu kulipa hata kama hana pesa za kutosha kwenye simu. Mbali na hizo, ziko programu nyingi za makampuni mengine.

Hatusemi huduma hizi ni mbaya. Mama anayeuza mboga aweza kukopa asubuhi, akauza, akalipa jioni na faida akabaki nayo. Lakini mwanafunzi hauzi kitu. Anakopa ili ale, na chakula kikishaliwa hakizai pesa ya kulipa.

Tufanye hesabu. M-Shwari ilipoanza ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu husikia 7.5 akadhani ni kidogo, karibu sawa na ile asilimia 4 ya mkopo wa chuo. Si sawa hata kidogo. Ile 4 ni ya mwaka mzima. Hii 7.5 ni ya mwezi mmoja.

Akikopa Sh. 2,000, ada ya mwezi ni Sh. 150. Tuseme mwisho wa mwezi analipa, lakini kwa sababu amebaki mtupu anakopa tena zile zile Sh. 2,000. Akifanya hivyo miezi 12, atakuwa amelipa Sh. 1,800 za ada, na bado anadaiwa Sh. 2,000. Mkopo wa chuo wa kiasi hicho hicho, kwa riba ya asilimia 4, ungemgharimu Sh. 80 kwa mwaka. Themanini kwa elfu moja na mia nane! Tena hatujahesabu ushuru ambao serikali hutoza juu ya ada kama hizo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Mtoto afundishwe maswali matatu ya kuuliza kabla ya kubonyeza simu: Nitalipa jumla ya shilingi ngapi? Nitalipa siku gani? Pesa ya kulipa itatoka wapi? Kama swali la tatu halina jibu, asikope.

Ajue pia haki zake. Kuna makampuni yaliyokuwa yakiwapigia simu wazazi, walimu na marafiki wa aliyekopa ili kumwaibisha. Kwa sababu ya malalamiko hayo, sheria ya Benki Kuu ilibadilishwa mwaka 2021, na kanuni zikatolewa Machi 2022. Sasa anayekopesha kwa simu anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na haruhusiwi kuchukua namba zilizo kwenye simu yako na kuwatumia watu ujumbe juu ya deni lako. Orodha ya wenye leseni hutangazwa na Benki Kuu. Asiyekuwemo aepukwe.

KAMARI NA UTAJIRI WA HARAKA

Tuseme ukweli hata kama unauma. Pesa nyingi za vijana wetu wa chuo zinaliwa na kamari ya simu. Kijana anaweka shilingi mia, anapata mia tatu, anaona amepata kazi. Wiki ya pili anaweka pesa ya chumba. Kampuni ya kamari imepiga hesabu zake vizuri, na hesabu hizo hazikupangwa ili wachezaji wafaidike. Kama wachezaji wangekuwa wanashinda kuliko wanavyopoteza, kampuni ingekuwa imefungwa.

Ndugu yake kamari ni ile miradi ya "weka kidogo uvune kikubwa, lete na wenzako watatu". Wakubwa hapa wanakumbuka miradi ya piramidi iliyoanguka Kenya mwaka 2007. Watu wengi walipoteza akiba zao, na waumini wa makanisa yetu walikuwa miongoni mwao, kwa sababu mambo hayo yaliletwa na watu waliojuana na kuaminiana. Leo hurudi kwa majina mapya, kwa simu, na huwatafuta wanafunzi kwa sababu wanajua siku ambayo mkopo umeingia. Mtoto auambie moyo wake hivi: pesa inayozaa bila kazi na bila biashara ninayoweza kuiona kwa macho ni pesa ya mtu mwingine atakayelia baadaye, na huenda mtu huyo ni mimi.

AKIMALIZA MASOMO

Wengi wanadhani mambo ya pesa yanaisha siku ya kuvaa joho. Kumbe ndiyo siku deni linaanza kuhesabiwa.

Tuseme kijana alikopa Sh. 40,000 kwa mwaka kwa miaka minne. Hizo ni Sh. 160,000. Riba ya asilimia 4 kwa kiasi hicho ni Sh. 6,400 kwa mwaka. Sasa tuseme hana kazi, anaona aibu, anabadilisha namba ya simu na kukaa kimya. Adhabu ya Sh. 5,000 kwa mwezi ni Sh. 60,000 kwa mwaka. Linganisheni wenyewe: riba ni 6,400, kimya ni 60,000. 

Kwa hiyo asiye na kazi asijifiche. Aende mwenyewe au aandike, aeleze hali yake, na aombe kuanza na kidogo anachoweza. Bodi ina meza zake katika vituo vya Huduma, kwa hiyo si lazima kusafiri hadi Nairobi. Aombe karatasi inayoonyesha deni lake, aihifadhi, na kila malipo atunze risiti.

Aliyepata kazi naye ana hatari yake. Mshahara wa kwanza una wageni wengi. Wadogo zake wanangoja karo, wazazi wanangoja mabati, na marafiki wanangoja sherehe. Tunamshauri agawe mshahara kabla haujafika. Yusufu kule Misri, katika kitabu cha Mwanzo sura ya 41, alishauri itengwe sehemu moja katika tano wakati wa miaka saba ya mavuno mengi. Kipimo hicho ni kizuri hata leo: katika kila Sh. 10,000, Sh. 2,000 ziende akiba, kwenye Sacco ya kazini au chama cha kuaminika. Ahakikishe pia kwenye karatasi ya mshahara kwamba mwajiri anakata mkopo wa chuo, na pesa hizo zinafika. Nasi nyumbani tusimsukume. Mtoto akilazimishwa kujenga nyumba ya mawe mwaka wa kwanza wa kazi, atakopa, na deni hilo litamfuata miaka mingi.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Haya ni mambo ambayo kikundi chochote kinaweza kufanya bila mfadhili wala semina ya hotelini.

1. Mwiteni mtoto mkutanoni kabla hajaenda. Mweka hazina amwonyeshe daftari la kikundi: pesa iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Mpeni daftari la mistari la kwake. Kila jioni aandike alichotumia, hata shilingi kumi ya ndizi.

2. Fanyeni naye hesabu ya muhula kama tuliyofanya hapa juu, kwa bei za mji anaokwenda. Kama yuko kijana wa kijiji aliyesoma huko, aitwe atoe bei za chumba na chakula.

3. Pesa za harambee zisitolewe zote siku moja. Karo ilipwe chuoni moja kwa moja na risiti iletwe mkutanoni. Pesa ya matumizi mweka hazina aitume kila mwezi, siku inayojulikana, na wanakikundi wawili washuhudie.

4. Kikundi kikimpa mtoto mkopo badala ya mchango, kiandikwe kiasi, riba na siku ya kuanza kulipa. Mtoto na mzazi watie sahihi. Mambo ya "tutaongea" yamevunja vikundi vingi.

5. Likizoni aje na daftari lake. Asisomewe kesi. Aulizwe tu: ni wapi pesa zilipungua, na muhula ujao tubadilishe nini? Naye awasaidie kufunga hesabu za mwaka za kikundi, maana kalamu yake ni nyepesi. Hapo atakuwa anajifunza na kutumika pamoja.

6. Mhimizeni aanzishe mzunguko na wenzake chuoni. Wanafunzi watano wanaochanga Sh. 200 kwa wiki hupata Sh. 1,000 kila mmoja kwa zamu. Ni pesa ndogo, lakini hufundisha kutimiza neno.

NENO KWA WAZAZI

Mara nyingi kinachoharibu si pesa kuwa kidogo, bali kufichana. Mzazi hana, lakini anaona aibu kumwambia mtoto, kwa hiyo anasema, "Nitatuma wiki ijayo." Mtoto naye amemaliza pesa, lakini anaogopa kusema, kwa hiyo anaongeza bei ya vitabu. Kila mmoja anamdanganya mwenzake kwa mapenzi. Mwisho wake mtoto anakopa kwenye simu akingoja pesa isiyokuja, na mzazi anakopa kwa jirani kulipia kitabu kisichokuwepo.

Mwambieni ukweli. "Mwanangu, tunazo elfu sita kwa muhula huu, hakuna nyingine." Kijana anayejua kiasi anaweza kupanga. Na siku akija na habari mbaya, kwamba zimekwisha, au amecheza kamari, au anadaiwa na simu, asipokewe kwa fimbo. Mkaeni chini, mlete daftari, mwandike madeni yote yalivyo, mwanze kulipa lile lenye riba kubwa. Mtoto aliyepigwa kelele mara ya kwanza hatasema mara ya pili, na deni lisilosemwa huendelea kukua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu ni wanafunzi wangapi wako chuoni sasa? Nani kati yetu ni mdhamini wao, na tumesoma tulichotia sahihi?

2. Wako vijana wetu waliohitimu na ambao wamenyamaza juu ya mkopo wa chuo? Nani atakwenda kuzungumza nao kwa upole na kuwasindikiza kituo cha Huduma?

3. Kanuni za kikundi chetu zinasema nini juu ya pesa za harambee ya elimu? Zinatolewaje, na nani huleta risiti?

4. Ni nani atakayemfundisha mtoto wa kwanza kuandika daftari, na ni lini?

Anzeni na swali la nne. Barua za kuitwa chuo zikifika, muda huwa mfupi sana kati ya harambee na safari, na somo hili lahitaji jioni mbili au tatu za kuketi pamoja mezani na kalamu.